Jina Litakuja Esperansia

Nimpaye alikuwa na miaka arobaini na saba na alikuwa hajawahi kukopa hata chumvi. Si kwamba uwezo alikuwa nao. Uwezo wa wapi? Ni mafunzo ya mumewe, marehemu Anastazi, ambaye akienda dukani na pesa ikapungua shilingi hamsini, alirudisha sabuni mezani akaondoka mikono mitupu. Watu wa Mugoma walimcheka sana. Walisema yule bwana yuko radhi afue kwa majivu kuliko jina lake liandikwe kwenye daftari la duka. Anastazi aliwaacha wacheke. Alimwambia mkewe kwamba wao ni watoto wa waliovuka mto wakikimbia, na mtoto wa mkimbizi ana kitu kimoja tu cha kujivunia kijijini: hakuna mlango anaoupita kwa kunyata.

Shamba walilolima halikuwa lao. Lilikuwa la mzee Protasi, Mhangaza wa pale pale, babu zake wote wamezikwa Ngara. Mzee aliwapa walime kwa makubaliano ya mdomo: nusu ya kahawa yake, nusu yao, na ndizi za pombe kila anapokuwa na wageni. Walilima hivyo miaka kumi na mitatu. Anastazi alipofariki, mzee Protasi mwenyewe, akitembelea fimbo, aliwaonyesha vijana mahali pa kuchimba, upande wa juu, pembeni ya mibuni, ambako maji hayatuami. Akasema, "Azikwe kwake." Watu wote walisikia. Nimpaye alilishika neno hilo kama hati ya kiwanja, na kwa miaka sita iliyofuata alipalilia kaburi kila alipopalilia migomba.

Lakini neno si hati, hata liwe limesemwa mbele ya padre. Mzee Protasi naye akafariki, na mwanawe Theonest, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Biharamulo, akaja kupanga mambo ya urithi.

Theonest hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Nimpaye kuliko yote, kwa sababu mtu mbaya angalau unamlaani ukapumua. Alikaa kwenye kigoda, akala viazi alivyopewa, akaeleza taratibu.

"Shemeji, mimi sirudi kulima. Nina mtoto chuoni na duka linayumba. Shamba nitaliuza. Kuna mnunuzi wa Nyakanazi anataka kupanda mikaratusi, yuko tayari kwa milioni nne. Ila wewe umekaa hapa miaka kumi na tisa. Ukizipata hizo milioni nne, nakuuzia wewe. Nakupa muda mpaka kahawa ya mwaka kesho ivunwe."

"Na kaburi?" Nimpaye aliuliza.

Theonest alitazama viazi. "Mnunuzi ndiye atakayejua," alisema.

Nimpaye aliuza mbuzi wote watano. Aliuza baiskeli ya Anastazi. Binti yake Aline, aliyeolewa Murukulazo, alileta alichoweza, na alichoweza hakikuwa kingi. Ukijumlisha na pesa ya kahawa iliyokuwa imefichwa ndani ya mtungi wa maharage, ilifika milioni mbili na kidogo. Hapo ikagoma. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa alikuwa hajajiunga navyo hata kimoja, kwa sababu ile ile ya sabuni. Ikabaki benki.

Alikwenda Ngara mjini amevaa kitenge cha Krismasi. Afisa mikopo alikuwa kijana anayeitwa Anold, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa na kona. Alimpa shikamoo, akapokea kitambulisho chake cha taifa na barua ya mtendaji wa kijiji, akaandika kwenye kompyuta, akangoja, akaandika tena.

"Mama, umewahi kukopa wapi?"

"Sijawahi."

"Hata kwenye simu? Hata kikundi?"

"Popote," alisema Nimpaye, akakaa vizuri kwenye kiti. Alikuwa akingoja kusifiwa. Miaka yote ile ya kufua kwa majivu alikuwa ameibeba mpaka mbele ya meza hii, na aliona sasa ndipo itakapolipa.

Anold alijikuna shavu. "Ndiyo tatizo, mama. Mfumo hauna taarifa zako zozote. Mtu aliyekopa akalipa, tunamjua. Aliyekopa akakimbia, naye tunamjua. Wewe hatukujui."

"Mimi sidaiwi na mtu yeyote."

"Najua. Lakini kwa mfumo, ni kama hupo."

Nimpaye alihisi uso ukimwaka. Alitamani Anastazi awepo pale ajibu, kisha akashukuru kwamba hayupo, kwa maana maneno yale yangemuua mara ya pili. Kijana aliona aibu yake akaisogelea meza, akamweleza polepole, kwa nia njema kabisa. Aanze na mikopo midogo ya simu. Akope kidogo, alipe kabla ya siku. Akope tena, alipe tena. Kiwango kitapanda, na jina lake litaanza kuonekana. Afanye hivyo mwaka mzima bila kuteleza, kisha arudi na mdhamini, naye Anold atamshughulikia yeye mwenyewe.

Hapa inabidi nisimame niseme jambo ambalo Anold hakuliuliza na Nimpaye hakulisema. Anold hakuuliza kwa kuwa huko anakotoka laini ya mtu ni ya mtu. Nimpaye hakusema kwa kuwa Mugoma jambo hilo halisemwi, linajulikana tu, na kinachojulikana na wote hakuna anayekumbuka kukitaja.

Miaka tisa nyuma, alipopata simu yake ya kwanza, Nimpaye hakuwa na kitambulisho. Karatasi za baba yake ziliozea kwenye sanduku lililovujiwa na mvua, na kuthibitisha kwamba wewe ni wa hapa bila karatasi kunachukua muda. Jirani yake Esperansia alikuwa nacho. Hawa wawili walikuwa wa jumuiya moja, walipakana shamba kwa mstari wa miti, na watoto wao walinyonya kwa yeyote aliyekuwa karibu. Esperansia kwa matamshi ni mtu wa amani, r na l kwake hukaa nyumba moja bila ugomvi. Alisema tu, "Mama Aline, kwani kidole changu kitapungua? Twende tukasajiri hiyo raini." Akaweka kidole kwenye mashine, Nimpaye akapata laini, wakanunua soda moja wakagawana.

Tangu siku hiyo, kila mtu aliyemtumia Nimpaye pesa alisikia sentensi ile ile. Wanunuzi wa ndizi wa Nyakanazi waliijua. Aline aliijua. Mwalimu mkuu wa shule ya Aline aliijua alipomrudishia chenji ya sare. Mtu akishaandika namba na kabla hajabonyeza, Nimpaye alisema, "Jina litakuja Esperansia." Mtu akatazama, akaona ndivyo, akatuma. Huko kwetu nusu ya watu ni wa namna hiyo. Jina linakuja la mjomba, la shemeji, la marehemu. Kitambulisho cha Nimpaye mwenyewe kilipotoka, miaka minne iliyopita, alikifungia kwenye leso, na laini akaiacha ilivyo. Namba ilikuwa imezoeleka.

Basi akaanza kukopa.

Mkopo wa kwanza ulikuwa shilingi elfu kumi. Ulipoingia, Nimpaye alishindwa kula mchana. Aliuendea kwa wakala akautoa, akalipia na ada ya kutoa, ili auone kwa macho. Akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kitenge, akalala nao. Hakununua hata kiberiti. Siku ya tano akaurudisha pamoja na riba yake, akarudi nyumbani mwepesi, anacheka peke yake njiani. Kama kuna mtu mwingine Tanzania aliyewahi kukopa pesa ili ailinde tu, sijamsikia.

Akakopa tena. Elfu ishirini, elfu hamsini, elfu themanini. Baadaye alijifunza kuziacha pesa ndani ya simu zilale humo humo, asilipie ada ya kutoa, lakini hakujifunza kuzizoea. Riba aliilipa kwa jasho la kweli. Aliuza ndizi ambazo angekula. Msimu wa maharage alikwenda kupura kwa watu ili apate ya kulipia mkopo ambao hakuutumia. Kila alipolipa, ujumbe uliingia: "Hongera ndugu mteja, kiwango chako kimeongezeka." Alimpigia Aline akamsomea, kisha akausoma tena peke yake.

Jioni alikuwa akipita kaburini na kutoa taarifa. Hii si mila, ni yake tu. "Wameniona, Baba Aline," alisema. "Imefika laki mbili." Alijua marehemu angenuna, naye alimjibu hapo hapo: ungetaka nifanyeje, niwaachie wapande mikaratusi juu yako?

Katika mwaka huo lilitokea jambo moja la furaha, na ilikuwa furaha ya jirani. Mwezi wa kumi na mbili Esperansia aliita jumuiya nyumbani kwake kutoa shukrani. Mwanawe alikuwa amekaa bila kazi miaka mitatu, na sasa mama yake alikuwa amempatia pikipiki mpya ya bodaboda. Alisimama mbele ya watu akieleza jinsi alivyokwenda Nyakanazi, kwenye kampuni moja ya mikopo, bila tumaini lolote, akijua watamfukuza, na jinsi mtu wa kampuni alivyotazama kompyuta akamwambia, mama, wewe jina lako ni safi sana, tunakupa.

"Mimi," alisema Esperansia, machozi yakimtoka, "mtu ambaye sijui hata kwenye simu wanakopaje. Imana, Mungu wangu, ndiye aliniandikia jina zuri mahari nisipojulikana."

Wakapiga vigelegele. Nimpaye alipiga kuliko wote. Ndiye aliyebeba kuku wa shukrani mpaka kwa mwenyekiti wa jumuiya. Alirudi nyumbani akiwa na tumaini jipya, akijiambia kwamba kama Esperansia ambaye hajahangaika amepata, yeye aliyehangaika atakosaje?

Mwezi wa saba mwaka huu, kahawa ikiwa bado imeanikwa, alirudi Ngara mjini na kitenge kile kile. Anold alimkumbuka, akasimama kabisa kumpokea.

"Mama wa Mugoma. Umefanya?"

"Nimefanya. Mara ishirini na mbili. Sikuchelewa hata siku moja."

Anold akaandika namba ya kitambulisho. Tabasamu likakaa usoni mwake muda, kisha likabaki peke yake, macho yakiwa yameshaondoka.

"Hakuna taarifa," alisema.

"Angalia tena, mwanangu."

Akaangalia tena. Nimpaye alitoa simu, akafungua ujumbe mmoja baada ya mwingine, hongera, hongera, hongera, akaisukuma simu mbele ya uso wa kijana. Anold alisoma. Akauliza namba ya simu, akaiandika mahali, akabonyeza. Akageuka polepole.

"Mama, hii laini imesajiliwa kwa jina lako?"

Nimpaye alifungua mdomo. Sentensi ile aliyoisema mara elfu ilikuja yenyewe mpaka kwenye ulimi, na safari hii alipoisikia kichwani mwake, aliisikia. Hakuisema. Akaiweka mikono chini ya meza.

"Kwa hiyo zote ishirini na mbili..." alianza.

"Zimeandikwa kwa mwenye jina," alisema Anold. "Zipo. Hazijapotea. Ila si zako." Alikuwa amekasirika, na ilikuwa dhahiri anajikasirikia mwenyewe. "Ningekuuliza siku ile. Neno moja tu."

"Haziwezi kuhamishwa?"

"Haziwezi."

Alikusanya simu na kitambulisho chake. Kisha likamjia wazo, na lilipomjia alikaribia kucheka. Jina lilikuwepo. Lilikuwa safi, lilikuwa limekaa ng'ambo ya mstari wa miti, linaitwa Esperansia. Kwa nini asije yeye kukaa kwenye kiti hiki? Achukue milioni mbili kwa jina lake, na Nimpaye alipe kama alivyolipa, siku kabla ya siku. Alimuuliza Anold. Anold alitazama kompyuta, akatazama mlango, akasema, "Mimi siruhusiwi kukuambia mambo ya mtu mwingine, mama. Kazungumze naye mwenyewe." Alilisema kwa namna ambayo mtu asiye na haja angeielewa. Nimpaye alikuwa na haja, akachukua bodaboda kurudi Mugoma.

Alimkuta Esperansia uani, anapura maharage kwa fimbo. Makapi yalikuwa yamemjaa kwenye nywele. Nimpaye hakungoja hata kukaribishwa. Alichukua kigoda, akasema yote kwa mkupuo mmoja, benki, mfumo, laini, kidole, na akamaliza kwa kuomba.

"Twende kesho, Mama Diana. Ukae tu, uweke kidole. Nitalipa mimi. Unanijua."

Esperansia aliendelea kupura. Alipura mahali ambapo maharage yalikuwa yameshatoka yote, palikuwa na makapi matupu, naye akapiga, akapiga.

"Mama Diana."

Fimbo ikasimama. "Hawatanipa," alisema Esperansia.

"Watakupa. Jina ni safi."

"Ririkuwa safi." Aliketi chini pale pale kwenye makapi. "Pikipiki iliibiwa mwezi wa pili. Nyakanazi pare, mtoto aliingia kura chakura, katoka haipo. Nimelipa marejesho mawili tu. Nadaiwa miezi mitano, Mama Aline. Wameniweka kwenye hiyo kompyuta yao, wamenipigia simu mpaka nimezima simu."

Nimpaye alimtazama. Kuku wa shukrani, vigelegele, Imana aliyeandika jina mahali lisipojulikana. Aliona mikopo yake yote ishirini na miwili, pesa alizozilinda usiku kwenye pindo la kitenge, ikitoka nje ya kampuni ile ikiwa na magurudumu mawili, na yeye mwenyewe amesimama pembeni anashangilia.

"Ulijua?" aliuliza.

Mtu mwingine angesema hapana, na Nimpaye angeamini, kwa maana alitaka kuamini. Esperansia alikuwa na makosa yake lakini uongo wa uso kwa uso hakuuweza.

"Siku ya kuchukua sikujua. Naapa. Nirijua mwezi wa tatu, waripoanza kunidai. Wakanisomea namba zirizo kwa jina rangu, moja ikawa yako. Hapo ndipo nirijua ni wewe uliyekuwa unanisafishia." Alifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Nikasema nitalipa kabla hujaenda benki. Nikasema mwezi huu. Nikasema mwezi ujao."

"Na mimi nikaendelea kukopa. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Nimelipa riba, Mama Diana. Nimelipa riba kwa ajili ya nini?"

Esperansia aliokota punje moja ya maharage kwenye vumbi, akaishika.

Nimpaye alitaka kumchukia. Alijaribu kwa bidii, njia nzima ya hatua mia mbili kutoka uani kwa Esperansia mpaka kwake, na chuki haikukaa. Kila alipoianza ilikatizwa na kile kidole kwenye mashine, na soda waliyogawana. Bila kidole kile asingekuwa na simu, asingeuza ndizi Nyakanazi, asingemsomesha Aline. Alikosa hata mtu wa kumtupia lawama. Kijana wa benki alikuwa mwema, Theonest alikuwa muungwana, jirani alikuwa rafiki, na marehemu alimfundisha uaminifu. Wote hawa wema kwa pamoja walikuwa wamemnyang'anya shamba, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono.

Jioni hiyo hakupita kaburini. Hakuwa na taarifa ya kutoa.

Theonest alikuja wiki ya mwisho ya kahawa, kama alivyosema. Aliuliza mara moja tu, Nimpaye akatikisa kichwa, na Theonest akasema pole ambayo ilikuwa pole ya kweli. Siku mbili baadaye wakakusanyika uani kwa Nimpaye kuandika mauziano: Theonest, mnunuzi wa Nyakanazi aliyekuwa na haraka ya kurudi, mwenyekiti wa kitongoji mwenye karatasi na muhuri, na majirani wa mipakani, kwa kuwa shamba haliuzwi bila majirani wa mipakani kushuhudia. Esperansia alikuwa mmoja wao. Alikuja amejitanda khanga mpaka machoni, akakaa mbali.

Nimpaye aliwapikia chai. Usiniulize kwa nini. Wageni walikuwa uani kwake, na chai huwa inapikwa.

Mwenyekiti akasoma alichoandika, kwa sauti, ili kila mtu asikie. Muuzaji, Theonest mwana wa Protasi. Mnunuzi, fulani wa Nyakanazi. Upande wa kaskazini, barabara. Kusini, kijito. Magharibi, shamba la kanisa. Mashariki, Esperansia Niyonzima. Kisha vilivyomo: migomba, mibuni, nyumba moja ya udongo yenye bati.

"Na kaburi," alisema jirani mmoja. "Kaburi liandikwe, lisije likaleta maneno."

"Kaburi la nani?" aliuliza mnunuzi.

"La Anastazi," alisema Theonest.

Mwenyekiti akaandika. Mnunuzi akasema kaburi litaachwa kwa sasa, mikaratusi itapandwa kulizunguka, mbeleni wataona. Akaongeza kwamba mizizi ya mikaratusi inakunywa maji sana, hivyo hawezi kuahidi jambo. Wakaanza kutia sahihi. Theonest alitia, mnunuzi akatia, jirani wa kanisa akatia, Esperansia akaweka dole gumba. Karatasi ikapita mikononi mwao, ikampita Nimpaye aliyesimama na birika, kwa sababu hakuwa muuzaji wala mnunuzi wala jirani. Alikuwa amelima pale miaka ishirini. Mumewe, aliyekuwa chini ya ardhi, alikuwa ameandikwa. Yeye hakuwa mahali popote kwenye karatasi ile, na aliyakumbuka maneno ya Anold kwamba ni kama hayupo. Alipoyasikia mara ya kwanza alidhani ni ya kompyuta tu.

Mnunuzi aliondoka wa kwanza. Mwenyekiti akakunja karatasi zake. Theonest akabaki nyuma, akasogea alipokuwa Nimpaye, akiwa na simu mkononi.

"Shemeji, migomba na mibuni ulipanda wewe na marehemu. Nimekutengea kitu cha jasho lenu. Si kingi. Utahama mwisho wa mwezi, kitakusaidia kuanzia kwa Aline." Akafungua simu. "Namba ni ile ile?"

"Ni ile ile."

Theonest akaandika namba. Ng'ambo ya ua Esperansia alikuwa amesimama kuondoka, khanga ikiwa imemshuka mabegani, na hakuondoka. Theonest aliinua kidole juu ya simu, akangoja, kama watu wote wanavyongoja kabla ya kutuma.

Nimpaye aliweka birika chini. Aliitazama ile migomba, na nyuma yake mibuni, na mahali pale juu ambapo maji hayatuami.

"Jina litakuja Esperansia," alisema.

Theonest akatazama kwenye simu. "Limekuja," akasema, akatuma.